Suala Limepokelewa

Kichwa cha seneta ni kizito kuliko cha mtu wa kawaida. Nasema hivyo kwa sababu nimekishika. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwa miaka tisa, alikaa kwenye kiti changu cha pili, kile kinachotazama mlango, nami nikakipaka kichwa hicho dawa nyeusi, nikakichonga pembeni, nikakigeuza kulia na kushoto, na hakikulegea hata siku moja. Wateja wengine husinzia. Yeye alikaa kama anapigwa picha ya ukutani.

Jina lake silitaji. Pale Glenwood, mtaa wetu wa Durban, tulimwita Mheshimiwa. Wasusi wa saluni za mtaani, ambao ni Wakongo na wenye Kifaransa chao, walimwita Honorable. Wanafunzi waliopanga vyumba kwenye jengo alilokaa walimwita baba, jambo lililomuudhi sana. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, anayejua aseme. Hata nchi yake naiacha. Mimi ni mtu wa Kigoma, na kuzunguka maziwa yetu kule zipo nchi kadhaa, na kila moja ina maseneta wa kutosha kugombania sifa nitakazozitaja hapa.

Alikuwa seneta kwa miaka kumi na mmoja. Alichaguliwa kwa mitano. Uchaguzi uliofuata haukufanyika, na uliopaswa kufuata baada ya huo nao haukufanyika, na yeye na wenzake wakaendelea kukaa kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasimame. "Mtanzania," aliniambia, "wengine wanachaguliwa kila miaka mitano kwa sababu wananchi wana mashaka nao. Mimi walinichagua mara moja, wakaridhika." Wananchi wenyewe walikuwa wajumbe ishirini na wawili wa baraza la jimbo, maana ndivyo seneta anavyopatikana kwao. Aliwajua kwa majina, na majina ya wake zao, na saizi za viatu vyao. Viatu ndivyo alivyowapa.

Katika miaka hiyo kumi na mmoja alisimama kuzungumza ukumbini mara mbili. Mara ya kwanza alimuunga mkono msemaji aliyetangulia. Mara ya pili aliomba kiyoyozi kipunguzwe. Simsingizii, alinihadithia mwenyewe, tena kwa fahari, kwa sababu kiyoyozi kilipunguzwa siku ile ile. Nilipomuuliza mbona mara mbili tu, alinitazama kwenye kioo kwa huruma. "Seneti si mahali pa kusema. Ni mahali pa kukaa. Wasemaji wako bunge la chini, na ndiyo maana liko chini."

Namna alivyoingia uhamishoni alikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu wote: siku moja chama chake kilileta mswada mbaya, yeye akakataa kuupigia kura, na kwa ajili hiyo akawindwa hadi akavuka mipaka minne. Hadithi hiyo niliipenda na nikaisimulia kwa wateja kama yangu. Ya pili aliitoa siku moja povu likiwa kidevuni, akajisahau. Kura ilipopigwa alikuwa chooni. Tumbo lilimsumbua tangu asubuhi. Aliporudi ukumbini alikuta watu wamekwisha kuhesabiwa na yeye si miongoni mwao, na mwenyekiti wa chama anamtazama kwa namna ambayo haikuhitaji mkalimani. "Lakini Mtanzania," aliongeza upesi, "ningekuwepo ningekataa." Nikasema bila shaka. Wembe ulikuwa mkononi mwangu, si wakati mzuri wa kubishana.

Februari ya Durban inajulikana. Shati linakuganda mgongoni kabla hujamaliza kifungo cha mwisho. Mheshimiwa alivaa suti ya vipande vitatu. Alikuwa nazo tatu, ya kijivu, ya bluu na ile aliyoiita ya dola, yaani ya serikali, ambayo ilikuwa nyeusi na inang'aa viwikoni. Alipanda mlima wa Glenwood taratibu sana, akisimama kila baada ya nyumba tatu kutazama mandhari. Jasho lilimtoka kama bomba lililopasuka, naye akalifuta kwa kitambaa kilichokunjwa pembe nne. "Haraka ni ya upinzani," alisema.

Hata tumbili aliwaendea kibunge. Sisi wa Glenwood tunaishi nao, wanaingia madirishani na kuondoka na chochote kinacholika. Siku moja mmoja wao, dume lenye sikio lililokatika, aliingia kwake akakalia meza na mkate mzima mapajani. Jirani yeyote angetupa kiatu. Yeye, kwa ushahidi wa mwanafunzi wa chumba cha pili, alisimama mlangoni akamwambia tumbili kwa Kifaransa safi arudi kwenye nafasi yake ili kikao kiendelee. Tumbili alimaliza mkate.

Jumatatu hadi Ijumaa alitoka nyumbani alfajiri, suti, tai na mkoba. Ukimsalimia alijibu, "Nina kikao Mobeni." Mobeni ni viwanda na maghala, moshi na malori. Sijawahi kusikia kikao kilichofanyika huko isipokuwa cha mgomo. Ndani ya mkoba mlikuwa na sare ya kampuni ya ulinzi, imenyooshwa vizuri, na chapati mbili. Alikuwa bawabu wa geti la ghala moja la matairi, kazi yake kuandika namba za malori yanayoingia na yanayotoka. Tulijua wote. Fundi simu, jirani yangu, alimwona pale siku alipofuata mzigo, akageuza gari kabla hajafika, akazunguka kilomita nzima kutafuta geti la nyuma. Kwetu sisi tulioanguka vyeo huku ugenini, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Kumwinamia mtu ni rahisi. Heshima ni kutomkuta.

Jioni tulimuuliza kikao kimekwendaje. Alisema, "Kilikuwa kirefu, lakini tumefikia azimio." Nasikia daftari lake la malori halikuwahi kuwa na kosa.

Hotuba aliipenda kuliko chakula. Kwao huko mzungumzaji haanzi kusema mpaka amewatambua wote waliopo kwa vyeo vyao, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na akimruka mtu ni ugomvi wa miaka. Sasa ikatokea kwamba alifariki mzee mmoja wa Chatsworth, Mzanzibari wa hapa hapa Durban, mteja wangu, mtu ambaye wazee wake waliletwa Natal enzi hizo na mpaka leo wanajiita Wazanzibari. Mheshimiwa aliandaa kurasa sita. Hakuwahi kuzika Mwislamu. Tulifika makaburini akaanza pembeni mwa msururu wa watu kumtambua imamu, kisha ndugu, kisha kamati ya msikiti, kisha majirani, kisha jumuiya za wageni kwa mpangilio wa alfabeti. Alipofika kwenye jumuiya za wageni watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi. Alipoinua uso kutoka kwenye karatasi alikuta kaburi limefunikwa, dua imesomwa, na mtoto wa marehemu anamshika mkono kumpeleka kwenye gari. Tukapanda gari kurudi. Karibu na robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, akasema, "Watu hawa wangepitisha bajeti kwa dakika kumi."

Lakini nitakuwa mwongo nikiishia kumcheka. Mwaka wa tatu wa duka langu mwenye jengo alitaka kunitoa, amweke mpwa wake. Nilikuwa nimekwisha kufunga vioo kwa magazeti. Mheshimiwa alivaa ile suti ya dola, akaenda nyumbani kwa yule mtu asubuhi ya Jumapili, akakaa sebuleni kwake saa tatu. Sijui alisema nini. Mwenye jengo aliniambia baadaye kwamba alikubali ili apate chakula cha mchana. Mtoto wa fulani alikataliwa shule, Mheshimiwa alikwenda kuonana na mwalimu mkuu. Mgonjwa wa fulani hakusikilizwa, Mheshimiwa alikaa benchi la kliniki na mkoba magotini hadi muuguzi akaogopa. Alisaidia watu wengi, na alisaidia kwa kitu kimoja tu, uwezo wa kukaa bila kuondoka.

Ukimletea shida alifunga macho, akakusikiliza hadi mwisho, akafungua macho na kutamka, "Suala limepokelewa." Hapo ulijua umefika mahali. Mengine aliyashughulikia siku ile ile. Mengine yalipokelewa, yakabaki yamepokelewa.

Nyuma ya pazia, kwenye duka langu hilo hilo, alisuka nywele Mama Neema. Tuligawana kodi na umeme na kelele. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye vidole vya haraka, na alitoka milima ile ile aliyoiwakilisha Mheshimiwa seneti. Siku ya kwanza alipogundua hilo, mzee alipiga makofi. "Watu wangu!" alisema. "Mama, unatoka upande gani?" Mama Neema akataja upande. "Watu wangu!" akarudia, na hakuuliza zaidi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kwa miaka sita, kikombe cha kwanza cha chai ya tangawizi kilikuwa chake. "Honorable, chai iko." "Merci, Mama." Zile chapati mbili za mkobani alizipika yeye. Niliwaonea fahari, mwananchi na mwakilishi wake.

Kisha ikaja barua. Ilikuwa Jumatano. Mama Neema aliniletea niisome kwa sababu Kiingereza changu kina miguu mirefu kidogo kuliko chake. Ombi lake la kuwa mkimbizi, lililokuwa likizunguka mezani miaka yote hiyo, lilikuwa limekataliwa. Barua ilikuwa na adabu na ilitoa sababu. Mwombaji anadai kwamba kijiji chake kilichomwa na majirani zake kuuawa, na yeye akakimbia. Lakini, ilisema barua, ujumbe wa maseneta wa nchi yake ulichunguza tukio hilo siku chache baadaye na kuripoti kwamba ulikuwa ugomvi mdogo wa vijana juu ya ng'ombe. Hakuna raia aliyepoteza maisha. Hakuna aliyehama makazi. Ripoti ilikuwa imeambatishwa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina na sahihi ya kiongozi wa ujumbe.

Nililisoma jina lile mara mbili. Nilipoinua macho, Mama Neema alikuwa anakitazama kile kiti cha pili, kitupu.

"Ni yeye, eeh?" akasema.

Nikadhani ameisoma sura yangu. Nikasema ndiye.

Kulikuwa na rufaa moja iliyobaki. Akishindwa hiyo, yeye na Neema aliyekuwa darasa la sita na mdogo wake wa kiume wangepewa siku chache za kufunga mizigo na kurudi katika milima ile ile. Mwanasheria wa bure tuliyempata, binti mdogo wa mjini mwenye faili kubwa kuliko yeye, alisema jambo moja. Kesi nzima imesimama juu ya ripoti. Mleteni aliyeiandika.

Jumamosi Mheshimiwa aliisoma barua yote, akasifu mpangilio wake. Akafunga macho. Akafungua. "Suala limepokelewa," akasema. Nikashukuru Mungu, nikaenda kuchemsha maji.

Wiki ya kwanza aliunda komisyo, yaani tume, ya kulitazama. Komisyo ilikuwa yeye. Wiki ya pili komisyo ilikuwa haijapata akidi. Wiki ya tatu alimwandikia Mama Neema barua mbili za kumsifu, moja ikisema ni mama mwenye bidii, nyingine ikisema hajawahi kuharibu kichwa cha mtu. Mama Neema alizipokea kwa mikono miwili na kuziweka kwenye begi. Wiki ya nne nilikuwa namnyoa shavu la kulia nikashindwa kujizuia.

"Mheshimiwa, ile ripoti ni ya kweli au ya uongo?"

"Mtanzania, hilo swali halijakaa kibunge."

"Basi likae kinyozi. Watu walikufa au hawakufa?"

Alifuta povu mdomoni. Kisha akasema, "Rapore ya seneti, seneta peke yake hawezi kuifuta. Inafutwa na rapore ingine."

"Itakayoandikwa na nani?"

"Na seneti."

"Na Mama Neema asubiri wapi?"

Pazia la nyuma lilikuwa limetulia. Alishusha sauti. "Faili yangu mimi ya ukimbizi nayo iko ofisi ile ile. Nimejiandikisha kama mtetezi wa wananchi. Wakisikia kwamba niliandika uongo juu ya wananchi..." Hakumaliza. Mkono wake ulitafuta kikombe cha chai pembeni ya kiti.

Nilikasirika. Nilimtazama anakunywa ile chai na hasira ikanipanda hadi masikioni, nikamwambia aondoke kwenye kiti changu akanyolewe anakojua. Aliinuka. Alijifuta taratibu, akachukua mkoba, akatoka na shavu moja limenyolewa na jingine jeupe kwa povu, akashuka mlima hivyo hivyo mbele za watu. Wasusi walitoka mlangoni kumtazama. Hakuna aliyecheka, na mimi nilijuta kabla hajafika kona, lakini sikumwita.

Jumamosi tatu kiti kilikaa kitupu. Chai ilipikwa vilevile. Ya nne, siku tisa kabla ya rufaa, aliingia. Nywele zilikuwa zimeanza kuota nyeupe kwenye mizizi na ndevu zilikuwa zimemvamia. Alikaa, akakitazama kioo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya pazia:

"Sikufika."

"Hukufika wapi, Mheshimiwa?"

"Kijijini. Mawingu yalikuwa mengi, helikopta haikutua. Rapore niliiandika hotelini, kwa maneno ya mkuu wa wilaya. Nitakwenda kuyasema hayo."

Nilimkumbatia na povu langu. Mtu wa aina yake kusimama mbele ya ofisi ya serikali na kukiri kwamba aliandika ripoti ya mahali ambapo hakukanyaga, hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko miaka yake yote kumi na mmoja. Mwanasheria alipopigiwa simu alifurahi hadi akaniita kaka. Kama kiongozi wa ujumbe hakufika, alisema, ripoti ni karatasi tupu na kesi tumeshinda.

Nilifungua pazia kumpa Mama Neema habari. Alikuwa ameshika uzi kwa meno, kichwa cha mteja mapajani.

"Anasema hakufika?"

"Ndiyo. Ameshakubali kwenda kusema."

Aliutoa uzi mdomoni. "Sawa," akasema, akaendelea kusuka.

Chumba cha rufaa kilikuwa kidogo, meza moja, feni moja, dirisha linalotazama maegesho. Msikilizaji wa kesi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Walikuwapo mkalimani na mwanasheria wetu, na mimi niliruhusiwa kukaa nyuma kama msindikizaji. Mheshimiwa alikuwa na ile suti nyeusi. Aliapa. Akaomba kusema Kiswahili ili mama mwenyewe asikie, na akaanza kuwatambua waliopo. Yule mama wa miwani akamwambia kwa upole kwamba hapa tunajibu maswali tu.

Akajibu. Ndiyo, aliongoza ujumbe. Ndiyo, sahihi ni yake. Hapana, hakufika kijijini. Hali ya hewa, hoteli, mkuu wa wilaya. Alisema vizuri, kwa masikitiko yenye kipimo. Mkalimani akatafsiri, kalamu ikaandika, mwanasheria akaanza kukusanya karatasi zake. Nikahesabu moyoni kwamba tungewahi kurudi kabla ya wateja wa mchana.

"Alifika," Mama Neema akasema.

Mwanasheria aliinua mkono kumzuia. Mama Neema hakumtazama.

"Ule baba alifika. Siku mbili nyuma ya moto. Nyumba zilikuwa zingali na moshi. Nilimuona na macho yangu. Alikuwa na kiu, nikamupa mayi ya kunywa, akakunywa."

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Mama wa miwani akaweka kalamu chini. Alisema kwamba watu wawili walioapa wamesema mambo mawili, na mmoja wao anasema uongo, na kama ni mwombaji basi hana sababu ya kuyaamini mengine aliyoyasema. Akamuuliza kama anaelewa maana ya hayo.

"Ninaelewa," Mama Neema akasema. "Lakini akisema hakufika, sasa sisi tulikuwa tunangojea nini? Tulitaka kukimbia siku ile ile. Mizigo ilikuwa kichwani. Yeye akatuambia tubaki, askari watakuja. Tukabaki juu ya ile neno yake. Tukangoja siku tatu. Hakuna askari alikuja. Wale walituchomea nyumba njo walirudi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Watu watasema tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Tuliambiwa na mukubwa."

Mwanasheria alikuwa ameinamisha uso mikononi. Ingekuwa rahisi sana wakati ule mzee kujiokoa. Alichotakiwa ni kukaa tu, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Angekaa kimya, Mama Neema angekuwa mwongo kwenye karatasi, na watoto wake wangepanda ndege.

Nilikitazama kile kichwa nilichokijua kutoka nyuma. Kiliinama.

"Mama anasema kweli," Mheshimiwa akasema. "Nilifika. Nilikunywa. Niliwaambia askari watakuja."

"Uliwaomba askari hao?" mama wa miwani akauliza.

"Hapana."

"Uliona maiti?"

"Niliona. Kumi na moja. Walikuwa wamewapanga kando ya kanisa, wamewafunika vitenge." Akatafuta kitambaa chake mfukoni, hakukipata. "Chama kilikuwa hakitaki matatizo mwaka ule. Niliandika ng'ombe."

Jibu lilikuja baada ya wiki saba na lilikuwa zuri. Mama Neema ana karatasi zake, anasuka hapa nyuma yangu ninapoandika haya. Nalisema mapema msomaji asihangaike. La faili ya Mheshimiwa mwenyewe sijui, halijajibiwa mpaka leo. Ninachotaka kumalizia ni cha siku ile ile, tulipotoka nje sisi watatu tukasimama kando ya barabara kungoja gari. Mwanasheria alikuwa ameondoka bila kuaga. Jua lilikuwa kali, na mzee alikuwa amevua koti kwa mara ya kwanza mbele yangu, amelishika mkononi kama nguo ya mtu mwingine.

"Mama," akasema, "ulinijua miaka yote hii?"

"Tangu siku ile ulipiga makofi."

"Na hukusema."

"Nilikuwa naona labda utasema wewe."

Magari yalipita. Alikuwa na neno lingine. Mwishowe akalitoa bila kumtazama.

"Siku ile uliponipa maji ulikuwa na mtoto mgongoni. Alinishika tai. Ndiye Neema?"

"Neema amezaliwa hapa Durban."

"Na yule?"

"Yule alikufa njiani tukikimbia. Siku ya pili. Homa."

Nilimtazama fundi mmoja wa barabara ng'ambo akipanga koni zake, kwa sababu sikuweza kumtazama yeyote kati yao. Nilisikia karatasi. Mheshimiwa alikuwa ametoa ile barua ya mwito wa rufaa, ameigeuza upande mtupu, ameiegemeza juu ya mkoba.

"Jina lake nani?"

"Mapendo."

Akaandika. Herufi hazikukaa sawa, akaliandika tena vizuri zaidi chini yake.

"Andika na miaka," Mama Neema akasema. "Mwaka moja na nusu."

Akaandika mwaka mmoja na nusu.